BAADA YA KIHARUSI: MAZOEZI YA NYUMBANI ILI MGONJWA ASIMAME TENA

Tunapotembelea wagonjwa majumbani huko Buganguzi si ajabu kukuta nyumba ambamo yupo mtu aliyepooza upande mmoja. Aghalabu amelazwa chumba cha ndani, amefunikwa vizuri, ni msafi, na mkwe au mjukuu anamlisha kwa kijiko. Familia imefanya yote hayo kwa upendo. Tukiuliza kama anaketi, tunajibiwa: "Hapana, Sista, bado anapumzika, hana nguvu." Tukiuliza amepumzika tangu lini, tunaambiwa tangu Pasaka. Na sasa ni Agosti.

Mgonjwa wa namna hiyo hana nguvu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kiharusi chenyewe. Ya pili ni kitanda. Misuli isiyotumika hunyauka, hata ile ya upande mzima, maungo hukakamaa, ngozi ya makalio na visigino huchubuka na kuwa vidonda, na kifua huziba. Sababu ya kwanza hatuwezi kuifuta. Ya pili imo mikononi mwetu, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia mwezi huu.

Kiharusi ni nini

Ubongo hulishwa na damu kama sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mshipa mmoja wa damu ukiziba, au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Sehemu ya kushoto ya ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huongoza upande wa kushoto. Ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja, mdomo hupinda, maneno hukwama. Jambo kubwa linaloleta hali hii ni shinikizo la damu, yaani presha, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa watu wa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Mjini ni wengi zaidi, ni kweli. Lakini hao 109 wa Hai ni watu wa kijijini, wa migomba na kahawa kama sisi.

Wako pia wanaosema ni kurogwa, kwa kuwa mtu alilala mzima akaamka nusu mwili umekufa. Hatutabishana hapa. Tunasema tu kwamba tumeona familia zikiuza ng'ombe, hata kipande cha kibanja, wakati ambapo miezi ya kwanza, iliyo bora kuliko yote kwa mazoezi, inapita mgonjwa akiwa amelala kwa mganga. Na tumeona waliochanjwa chale na kukandwa kwa majani ya moto mkono usiosikia moto. Mkono huo uliungua, mwenyewe asijue mpaka ngozi ilipotoka. Kuchua taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Kuvuta, kukunja kwa nguvu na kuchoma kuna ubaya.

Kwa nini mazoezi husaidia

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizo jirani nayo zinaweza kujifunza kazi ambayo hazikuwa zikiifanya. Fikirini njia ya miguu katika rweya: daraja likibomoka, watu huzungukia pembeni, mwanzoni ni nyasi tupu, lakini wakipita kila siku, njia mpya huonekana. Akipita mtu mmoja mara moja kwa juma, nyasi husimama tena. Ndivyo ilivyo kwa ubongo. Haujifunzi kwa zoezi gumu la siku moja, bali kwa tendo lile lile kurudiwa mara nyingi sana, na hasa tendo la kweli la maisha: kuinuka kitini, kufikia kikombe, kupiga hatua.

Nguvu hurudi haraka zaidi katika miezi 3 ya kwanza, kisha polepole mpaka mwezi wa 6 hivi. Baada ya hapo mlango haufungwi. Tunawajua waliojifunza kutembea hadi barabarani baada ya mwaka. Ila kila mwezi unaopotea mwanzoni unafanya kazi ya baadaye kuwa ngumu.

Je, tuanze siku ile ile? Hapana, tusikimbie. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi 5. Waliosimamishwa na kutembezwa mapema sana na kwa wingi, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza, walipata nafuu pungufu kidogo kuliko walioanzishwa kwa kiasi. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya hospitali, dawa na kulazwa vizuri. Kisha, mganga akisema hali imetulia, kuketi kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na kila siku kuongeza.

Kumlaza na kumgeuza

Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mchana na usiku, maadamu hawezi kujigeuza. Anaweza kulalia upande mzima, mkono mgonjwa ukiwa mbele yake juu ya mto. Anaweza pia kulalia upande mgonjwa, mradi bega livutwe mbele kidogo lisikandamizwe chini yake. Kama hakuna mito, kunjeni blanketi au fungeni nguo kuukuu ndani ya kanga.

Tafadhali shikeni hili hata mkisahau mengine: MSIMVUTE KWA MKONO ULIOPOOZA, wala msimwinue kwa kumtia mikono kwapani. Bega la upande huo limelegea, misuli haishiki mfupa. Vutio moja la mjukuu mwenye nguvu linaweza kulitegua, na bega linalouma usiku kucha hufanya mgonjwa achukie mazoezi yote. Wakati anapoketi, mkono huo uwekwe juu ya meza au mto mapajani. Usiachwe ukining'inia.

Vyombo vyake na redio viwekwe upande gani? Wengine baada ya kiharusi husahau upande mmoja kabisa, hasa wa kushoto. Hula nusu ya sahani na kusema chakula kimekwisha. Kwa hao, wageni na waketi upande uliosahauliwa, wamsalimie kutoka huko, ili kichwa chake kijifunze kugeuka.

Mazoezi yenyewe

La kitandani ni hili. Mgonjwa alale chali, akunje magoti yote mawili, nyayo zikae kitandani. Msaidizi ashike goti na unyayo wa upande mgonjwa visiteleze. Mgonjwa ainue makalio, ahesabu mpaka 3 au 5, ashushe polepole, asizuie pumzi. Mara 5 mwanzoni, kisha 10. Zoezi hili linatia nguvu nyonga, nalo linawasaidia wauguzi wa nyumbani pia, maana mgonjwa anayeweza kuinua makalio anabadilishwa shuka na mtu mmoja badala ya watatu.

Kisha aketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kitanda kikiwa kirefu, wekeni ubao au kigoda chini ya miguu. Mwanzoni ataangukia upande mgonjwa kama gunia. Msimkumbatie moja kwa moja. Keti kando yake upande huo, mwache aegemee kidogo na kujirudisha mwenyewe. Akiweza kuketi dakika 10 bila kushikwa, mpeni kitu cha kufikia kwa mkono mzima: ndizi iliyo mbele kidogo, kisha pembeni, kisha karibu na sakafu. Hivyo ndivyo mizani ya mwili inavyorudi, kutoka kiunoni kwanza na miguuni baadaye.

Sasa tunafika kwenye zoezi ambalo, kama tungeruhusiwa kuchagua moja tu, tungelichagua hili: kuinuka kitini na kuketi tena. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu wala kuyumba, kiegemezwe ukutani, na kiwe kirefu kidogo mwanzoni. Mgonjwa asogee mbele ya kiti, avute nyayo nyuma ya magoti, ainame pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume kwa miguu YOTE MIWILI. Kosa la kawaida ni kusimama kwa mguu mzima tu huku mwingine ukiwa umenyooshwa mbele kama mgeni. Uvuteni nyuma huo mguu mgonjwa, ushiriki. Kuketi kuwe polepole, asijitupe. Aanze mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Akizoea afike 10 kila mara. Baada ya majuma kadhaa leteni kiti kifupi zaidi. Hilo ndilo zoezi, na hilo hilo ndilo litakalompeleka chooni bila kubebwa.

Akisimama vizuri, ashike meza nzito au ukuta. Ahamishe uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu. Baadaye apige hatua za upande kufuata meza, ainue visigino, asimame miguu ikiwa pamoja, halafu mguu mmoja mbele ya mwingine. Kila mara awepo mtu karibu na kiti nyuma yake. Usawa haufundishwi na mtu anayeshikiliwa kwa nguvu muda wote, wala na mtu aliyeachwa peke yake. Inahitajika jicho la msaidizi anayejua kungoja.

Kutembea

Kwa kutembea, vijana wa jumuiya wanaweza kutengeneza reli mbili za miti ya mkaratusi uani. Urefu mita 3 unatosha. Kimo kiwe usawa wa nyonga za mgonjwa, na upana wa kumpitisha bila kubanwa. Miti iparuliwe magome isichome mikono, na nguzo zichimbiwe kweli kweli, maana mtu mzima ataziegemea. Ni kazi ya nusu siku. Tungependa kila jumuiya yenye mgonjwa iifanye kabla ya kuchanga fedha ya soda za kumtembelea.

Kabla ya kumtembeza, mfungeni kanga iliyokunjwa kiunoni kama mkanda. Msaidizi asimame upande mgonjwa, nyuma kidogo, ashike kanga hiyo. Akiteleza, mtamshusha polepole bila kugusa bega. Mkongojo ushikwe na mkono MZIMA, jambo linalowashangaza wengi. Kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono, mgonjwa akiwa amesimama na mkono umelegea kando. Kwanza mkongojo, pili mguu mgonjwa, tatu mguu mzima. Penye ngazi, wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka mguu mgonjwa hutangulia.

Malapa hayafai. Mguu uliopooza hauwezi kuyashika, na katika udongo wetu wa mlimani wakati wa mvua hata wazima huanguka nayo. Kiatu chenye mkanda nyuma ya kisigino, hata katambuga za tairi zilizokatwa vizuri, ni bora zaidi. Nyasi zilizotandikwa sakafuni ziondolewe katika njia ya mgonjwa, maana ncha ya mguu hunasa humo. Ndani ya choo cha shimo wekeni kiti kilichotobolewa katikati na mti wa kushika ukutani. Kuchuchumaa ni kugumu kuliko kutembea, nako ndiko kunakowavunja watu nyonga usiku.

Mkono

Mkono huchelewa kuliko mguu, na kwa wengine haurudi wote. Hatupendi kuwadanganya. Lakini mara nyingi mkono huachwa ukiwa na nguvu kidogo, kwa sababu ule mzima unafanya kila kitu haraka zaidi. Marekani, mwaka 2006, yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Wale waliozuiwa kutumia mkono mzima sehemu kubwa ya siku, kwa majuma 2, huku wakifanyizwa kazi kwa ule mgonjwa, waliutumia vizuri zaidi kuliko wengine. Njia hiyo ni kwa anayeweza tayari kuinua kifundo na kunyoosha vidole kidogo, na isifanywe wakati wa kutembea, maana mkono mzima ndio unaomwokoa asianguke.

Nyumbani yapo mengi: kufuta meza kwa kitambaa mikono yote miwili, kusukuma chupa mbele na nyuma, kukunja nguo, kuchambua maharage au kahawa iliyoanikwa mkekani punje kwa punje. Bibi anayechambua punje 50 kwa mkono wake mgonjwa amefanya zoezi zuri, na tena yuko uani na wenzake. Mpira wa kufinya tunaoletewa toka mjini hatuusifu sana. Mkono unaokaza hauhitaji kufundishwa kufumba, unahitaji kufumbuka. Nyoosheni vidole taratibu, kiganja kikae bapa juu ya meza, mgonjwa aegemee kidogo.

Chakula na huzuni

Kabla ya chakula aketi wima. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, msiendelee. Mwonesheni kwa mganga. Uji mzito humezwa kwa usalama kuliko maji matupu. Na ile kahawa ya kutafuna, omwani, tunayomkaribisha nayo mgeni, asipewe mpaka tuhakikishe anameza vizuri. Ni mila njema lakini punje inaweza kuingia njia ya hewa. Rubisi nayo iachwe: anayejifunza kusimama upya hahitaji kitu cha kumyumbisha.

Mgonjwa akikataa mazoezi, msiseme upesi kwamba ni mvivu au mkaidi. Takriban mtu 1 kati ya 3 baada ya kiharusi hushikwa na huzuni nzito ambayo ni ugonjwa unaotibika. Mzee aliyekuwa akisimamia kibanja, sasa anafungwa vifungo na mkwewe! Mwambieni mganga. Na msiongee juu yake mbele yake kama vile hayupo. Asiyeweza kusema mara nyingi anasikia na kuelewa.

Familia isiachiwe peke yake

India walijaribu kufundisha familia ili ziwe ndizo wauguzi wa mazoezi nyumbani. Mwaka 2017 matokeo yalitolewa: wagonjwa 1,250, hospitali 14. Baada ya miezi 6, wale ambao familia zao zilifundishwa na wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa sawa. Karibu 47 kati ya 100 kila upande walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Habari hiyo ilituhuzunisha kidogo. Sisi tunaichukua hivi: familia si badala ya mtaalamu. Zoezi lililofaa juma la pili halitoshi mwezi wa tatu, na lazima awepo mtu wa kuangalia, kusahihisha na kuongeza. Fiziotherapia inafundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, lakini wataalamu ni wachache na njia za vijijini ni ndefu. Basi mkiwa Rubya, Kagondo, Ndolage au hospitali ya mkoa Bukoba, ulizeni kama yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo KABLA hamjaruhusiwa kwenda nyumbani. Yule atakayemhudumia mgonjwa, hata akiwa mjukuu wa darasa la saba, awepo aoneshwe kwa vitendo. Pangeni tarehe ya kurudi.

Simamisheni mazoezi na mumpeleke hospitali akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali, kichwa kuuma ghafula, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Uso ukipinda upya, mkono ukilegea upya, au maneno yakiharibika, hicho ni kiharusi kingine. Msingoje asubuhi.

Dawa za presha ziendelee hata anapotembea vizuri. Wengi huziacha siku ile wanapojisikia wamepona, wakisema zimemaliza kazi. Kazi yake ni kuzuia cha pili, nayo haiishi. Chumvi ya mezani iondolewe kwa nyumba nzima, si kwa mgonjwa tu, maana atanyoosha mkono achukue ya wengine.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni lini arudi kanisani. Kwa wale wasioweza, Komunyo Takatifu hupelekwa nyumbani, mwarifuni katekista. Lakini kwa aliyeanza kutembea, mwekeeni siku. Wengi huchagua tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Pimeni hatua kutoka gari au pikipiki inapoishia hadi mlangoni, mzizoeshe uani majuma kadhaa kabla. Afike mapema watu hawajajaa, akae mwisho wa benchi, mkono mzima ukiwa upande wa benchi la mbele aweze kushika. Wenzake wakipiga magoti, yeye aketi. Misa ikiisha asitoke na umati. Angoje mlango uwe mweupe, kisha ashuke ngazi, mguu mgonjwa kwanza, mjukuu akiwa ameshika kanga nyuma yake.